Muulize Ami: Mbona Jini Lavaa Raba?

Mwezi huu barua za filamu zimekuja nyingi, sijui ni msimu wa projekti za vyuo ama ni nini, nimezichambua nikabakisha hizi nne. Ile ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake imenigusa pabaya, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni mwanafunzi wa filamu, nyumbani Malindi, ndo namaliza mwaka wa mwisho. Kikundi chetu kilifanya filamu ya kutisha ya dakika 14, ile staili ya gothiki, nyumba kuukuu, mishumaa, radi, bi harusi aliyekufa anarudi kumtafuta mumewe. Tulimvisha mwenzetu shela jeupe, poda uso mzima, kucha za kubandika. Siku ya kuonyesha ukumbi ulicheka mwanzo mwisho. Bi harusi anatoka kabatini mtu akapiga kelele "huyo si yule wa duka la chipsi!" na hapo bas, filamu ikawa imekwisha ingawa ilikuwa imebaki dakika 9. Mwalimu katupa alama za kupita tu, na sasa anataka kila mtu aandike kurasa tano za tafakari, tumejifunza nini. Wiki mbili karatasi iko mbele yangu tupu. Niandike nini? – Aliyechekwa, Malindi

AMI: Marahaba mwanangu. Pole, na karibu chamani, mimi ni mwanachama wa zamani. Nilipokuwa chuo nilirudi Lamu likizo ya mwisho na kamera ya kanda ya kuazima, nikapiga filamu ya dakika 11 nyumba ya shangazi yangu huko Mkomani, nyumba ya mawe ambayo nusu yake paa lilikuwa limeshaanguka. Jini wangu alikuwa binamu yangu, kanzu nyeupe, unga wa ngano usoni sababu poda ilitushinda bei, anashuka ngazi polepole na mshumaa, na mimi nyuma ya kamera nywele zimenisimama wallahi nikajua leo nimepata. Tukaja kuonyesha kwenye shuka lililotundikwa ukutani, mtaa mzima umekuja, kumbe kanzu ilikuwa fupi na chini zaonekana raba, tena nyeupe mpya za Idi. Kitoto kimoja kikauliza kwa sauti, mbona jini lavaa raba? Miaka mingi imepita na kuna mzee pale forodhani mpaka leo akiniona huniita Raba.

Sasa hio karatasi. Tafadhali usiandike kwamba umejifunza umuhimu wa kushirikiana na kutunza wakati, mwalimu wako atasoma hio sentensi kwa kila mwanafunzi wa darasa na hakuna hata mmoja atakaekuwa anaimaanisha. Fanya hivi, kaa na filamu yako, peke yako, kalamu mkononi, kila mahali watu walipocheka andika dakika na sekunde, alafu andika ni kitu gani kilikuwa kwenye fremu kabla kicheko hakijaanza. Kabla, si wakati ule. Inauma lakini ifanye.

Mimi nilipofanya yangu (baada ya miezi, nilikuwa sitaki hata kuiona hio kanda) nilihesabu vicheko saba. Sita vilikuwa juu ya mwili wa binamu yangu, mguu, mkono, namna alivyogeuka. Wa saba ni mzee mmoja alicheka tu sababu wenzake wanacheka. Na kulikuwa na mahali pamoja ukumbi ulinyamaza kabisa, sekunde tisa hivi, na hapo hapakuwa na mtu yeyote kwenye picha. Ilikuwa ni ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, tupu, vumbi, alafu popo akatoka kwenye kidaka cha juu akapita mbele ya lenzi. Yule popo sikumpanga. Hio klipu niliitia kuziba pengo manake kanda moja ilikuwa imeharibika kwa unyevu. Yaani kitu pekee kilichotisha kwenye filamu yangu kilijileta chenyewe na mimi nilikuwa nakitumia kama kiraka. Kama kuna kitu cha kuandika kwenye tafakari ni kama hicho.

Kwa nini mwili unachekesha? Moja, miji yetu ni midogo. Mtu wa Nairobi akitazama filamu haijui sura ya muigizaji, ataamini ni mzuka. Hapa kwetu ukimtoa mtu kabatini, hata umpake chokaa ndoo nzima, watu washajua ni mtoto wa nani, anauza wapi, na alimkosea nani mwaka juzi. Kwa hio usimwonyeshe. Murnau, yule daireta Mjerumani, kwenye Nosferatu, filamu yake ya mnyonya damu ya mwaka 1922, ile picha ambayo watu hawaisahau ni ya kivuli tu kinapanda ngazi, kidole kirefu, bega limepinda, mwenyewe humuoni. Kivuli hakina duka la chipsi.

Pili, na hili naona wengi hawalifikirii. Mwandishi wa kizungu wa hadithi za kutisha ana kazi ya kumshawishi msomaji kwamba mzuka upo, ndo maana anaweka radi, anaweka ukungu, anaweka ngome, anamlainisha polepole. Wewe huna kazi hio. Watu wako wanaamini majini kabla hujawasha kamera, sura ya 72 ya Qurani inaitwa Al-Jinn, kila familia ina shangazi aliyekuwa na pepo na kila kisima kina hadithi. Kwa hio ukija na jini wa poda na kucha za plastiki huwatishi, unawaambia kitu wanachokijua kuliko wewe, na unakiambia vibaya. Wanacheka kama utakavyocheka mtu akija kukufundisha kukuna nazi na hajui hata mbuzi anakaliwa upande gani.

Na radi, mwanangu. Radi ya kompyuta, Malindi, kaskazi imesafisha mbingu yote. Na ukungu mliutoa wapi? Malindi na ukungu wapi na wapi.

Hebu turudi kwenye neno lenyewe. Gothiki ilianza kuitwa hivo na Muingereza Horace Walpole, alitoa kisa cha ngome ya Otranto mwaka 1764, na tangu hapo ukiondoa mishumaa na popo kinachobaki ni kitu kimoja: nyumba kubwa, watu wa zamani walifanya jambo ndani yake, na waliopo leo wanalipa. Sasa niambie hilo ni la Ulaya? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga shairi la Al-Inkishafi miaka kama mia mbili iliyopita, hapa hapa Lamu na Pate, akieleza majumba ya matajiri wa Pate yalivyobaki matupu. Makinda ya popo yananing'inia juu, buibui wametanda, madaka yaliyokuwa yamepangwa sahani sasa wanalala watoto wa ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Hakuna jini hata mmoja ubeti ule, na soma usiku peke yako uone kama utatoka kwenda choo. Mimi shule nililikariri shairi hilo kwa fimbo, alafu nikaenda chuo nikafundishwa gothiki ni ngome na theluji, nikarudi nyumbani nikapiga filamu ya ngome na theluji ndani ya nyumba ya Lamu. Popo ikabidi anikumbushe mwenyewe.

Na nyumba nilikuwa nayo! Nyumba za mawe za kwetu kuta ni matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mkoko, na boriti haziwi ndefu sana ndo maana vyumba ni vyembamba, karibu mita tatu, lakini virefu. Ukisimama kiwandani, pale uani penye mwanga, ukitazama ndani unaona msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, nyuma yake msana wa yuu, ukumbi wa juu, nyuma yake tena ndani kwenyewe kwenye zidaka, kila kimoja sakafu imepanda kidogo kuliko kilichotangulia na kila kimoja kina giza zaidi sababu mwanga wote unatoka uani. Fremu ndani ya fremu ndani ya fremu, na giza limepangwa na fundi aliyekufa zamani, hujalipia laiti (taa) hata moja. Mimi nilipiga nikiwa nimeegemea ukuta upande wa upana, nalalamika lenzi haitoshi. Nilipaswa nigeuze kamera tu.

Alafu kuna nyumba ya kati, kile chumba kidogo cha nyuma kabisa. Wazee wanakuambia humo ndimo watu walikuwa wakizaliwa na humo ndimo maiti walikuwa wakioshwa. Chumba kimoja, kuja na kuondoka. Mimi nilikitumia kuwekea mabegi ya kamera na mahamri ya waigizaji.

Ningerudia leo nisingemtia jini wala bi harusi. Bibi yangu alikuwa akisema sahani ya zidakani ikipasuka bila kuguswa bas imebeba jicho lililokuwa linamjia mtu wa nyumba ile. Haya, weka sahani saba kidakani, mtu karudi kutoka Uarabuni kuja kuiuza nyumba ya marehemu, kila asubuhi akiamka moja imepasuka. Hamna muziki, hamna mtu wa shela. Mtazamaji wa Lamu au Malindi atahesabu mwenyewe zimebaki ngapi, na mnunuzi akija kuangalia nyumba siku ya sita, anaipenda, anachukua ile sahani ya mwisho mkononi kuitazama, ukumbi mzima utamwambia aiweke chini.

Hio idea nakupa bure, ukiitumia niletee nione. Lakini tafakari yako iandike juu ya yako, si yangu. Tafuta zile sekunde ambazo hawakucheka, lazima zipo, hata kama ni tatu, na uanze ukurasa wa kwanza na hizo.

SWALI: Ami mambo, samahani, shikamoo. Tunapiga filamu fupi ya kutisha hapa Lamu kwa simu, hatuna laiti, bajeti ni shilingi 5,000 na hio ni pamoja na chakula. Sini karibu zote ni usiku na tukijaribu kupiga usiku picha inakuja na chenga chenga kama mchanga. Tufanyeje? – Kikundi cha watu wanne

AMI: Marahaba. Kwanza chakula kiwe elfu tatu, watu wenye njaa wanaigiza vibaya. Pili msipige usiku. Huyo huyo Murnau sini zake za usiku zilipigwa mchana kweupe na baadae kanda ikatiwa rangi ya bluu, mtazamaji akajua ni usiku, na hio ni mwaka 1922 hata sauti hakuna, sembuse nyinyi mna simu inayoeditiwa kitandani.

Mna njia mbili. Njia ya kwanza ni magharibi. Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta jua likishazama giza linaingia mbio, mnapata kama dakika 20 hivi za ule mwanga wa bluu, na magharibi ndo wakati wa swala pia, kwa hio pangeni shoti mbili tatu tu kwa jioni, zimeshafanyiwa mazoezi, kila mtu anajua anasimama wapi, mkianza kubishana bluu imekwenda. Kesho tena. Mtachukua wiki lakini zitakuwa nzuri.

Njia ya pili ni mchana ndani ya nyumba. Fungeni madirisha, acheni mlango mmoja wa uani, alafu kwenye simu bonyeza kidole kwenye skrini ukishikilie mpaka mwangaza ujifunge, uteremshe chini mpaka uone uso unakaribia kupotea, na usiteremshe zaidi ya hapo. Msipige mbingu, mbingu itawasaliti. Mkitaka mwanga uso mmoja, sinia. Ile sinia ya biriani ya alumini, mtu asimame nayo uani alirushe jua ndani mpaka ukutani, si usoni moja kwa moja, liguse ukuta wa chokaa kwanza ndo lije kwa muigizaji likiwa limelainika. Kandili iwepo kwenye fremu ili mtazamaji ajue mwanga unatoka wapi, hata kama kazi yote inafanywa na sinia. Na mkitaka miale ionekane hewani chetezo kimoja na ubani kidogo chatosha, msichome makumbi mkajaza moshi, mmoja wenu akiwa na pumu mtamaliza filamu hospitali.

Sauti sasa, hapa ndo wanafunzi wote tunaanguka. Picha mbovu watu wanavumilia, sauti mbovu hawavumilii. Simu ya pili iwe ya kurekodi sauti tu, fungeni ndani ya leso karibu na muigizaji, na kila chumba mkimaliza nyamazeni wote nusu dakika mrekodi kimya cha chumba kile, mtakihitaji wakati wa kuediti kuziba mapengo. Kimya cha Lamu si kimya, utasikia boti, adhana, TV ya jirani, na punda. Punda msipigane nae. Mimi kuna sini ilikatika mara tano kwa punda mmoja, mara ya sita tukamwacha alie, na yule punda akilia usiku wa manane nyuma ya ukuta huhitaji mwanamuziki.

SWALI: Ami shikamoo. Mimi ni msichana wa Langoni, nasoma filamu na nina skripti nzuri ya kutisha lakini mamangu hataki kusikia, anasema kuigiza majini ni kuyaita, na ati msichana anaingia magofuni usiku na wavulana na kamera. Sitaki kumvunja moyo mama lakini sitaki kuacha. Nifanyeje?

AMI: Marahaba mwanangu. Mamako amesema mambo mawili na wewe umeyafunga pamoja, yafungue.

Hilo la usiku na magofu usibishane nalo, yuko sawa, na ukisoma jibu la hapo juu utaona hata kifilamu huna haja ya usiku. Piga mchana, piga nyumbani, mkaribishe aje akae barazani aone. Wamama wengi wanachoogopa ni wasichokiona.

Hilo la majini, mimi sio sheikh, muulize unaemuamini na umuulize kwa adabu si kwa kubishana. Ila nakwambia mipaka ambayo mimi najiwekea: siweki kisomo cha kweli cha Qurani chini ya sini ya kutisha kama muziki, sipigi picha azima wala kombe la kweli, zile tiba za maandishi ya Qurani, na sipigi ngoma ya pepo ya watu walio na pepo kweli kama mapambo ya filamu yangu. Hivo ni vitu vya watu, wanavihitaji. Isitoshe huvihitaji wewe.

Na jaribu hili. Muulize mama akuhadithie kitu kilichomtisha alipokuwa mdogo. Usichukue kalamu, mwache apike huku anaongea. Angalia anapunguza sauti wapi, anaacha kukoroga wapi, jina gani halitaji. Nina hakika itakuwa nzuri kuliko skripti yako (samahani), na yeye akijua hadithi ni yake atakuwa wa kwanza kukuambia hapana, mlango haukuwa hivo.

SWALI: Ami, mimi na wenzangu tunataka kupiga filamu kwenye magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda, na pia nipe risipi ya damu. Asante. – Mwenye haraka, Shela

AMI: Mwenye haraka nae akapunguza hadi salamu. Haya.

Takwa iko chini ya Makumbusho ya Taifa kwa hio barua ya chuo mkononi, kibali na ada kabla ya kwenda, na leseni ya kupiga filamu nayo iulizieni mapema manake ipo kisheria. Mkipata, jueni mji ule ulihamwa karne ya 17 na nyinyi watu wa Shela ndo mnajua zaidi yangu kwamba wapo wanaokwenda kuzuru na kuomba dua pale, kwa hio ile nguzo ya kaburi haiegemezwi traipodi. La mwisho ni maji. Boti inaingia kwa mkondo wa mikokoni maji yakijaa tu. Sisi tulikwenda, sini ikawa tamu, daireta (mimi) akasema shoti moja ya mwisho, tukatoka tukakuta boti imekaa kwenye tope. Tulisubiri maji mpaka saa nne usiku, watu saba, chupa moja ya maji, na mbu wa mikokoni. Muulizeni nahodha, si Google.

Damu: pika shira kama ya kaimati lakini nzito kidogo, ikipoa tia rangi nyekundu ya chakula, alafu kakao kijiko kimoja mpaka iache kung'aa kama soda. Ukikosa kakao, kahawa. Jaribu kwenye kitambaa kwanza manake kwenye kamera huonekana nyekundu zaidi kuliko kwa macho. Na ukimwaga sakafuni piga haraka, sukari ni sukari, dakika kumi tu sisimizi wamejipanga mstari.

Na msimwage karibu na ukuta wa chokaa. Chokaa inanywa. Mimi yangu iliruka nyumba ya kati, tukasugua kwa limau, kwa sabuni, shangazi akapaka chokaa juu mara mbili, ikarudi. Siku hizi nyumba ile imetengenezwa inalaza wageni na nilipita mwaka jana nikamkuta shangazi anamuonyesha mgeni mmoja lile doa, anamwambia kwa sauti ya chini ni la bi harusi wa zamani. Nikamtazama, akanikonyeza.